KORBANI YA SIKU HIZI

Neno la leo ni zito kidogo, kwa hivyo naanza na mimi mwenyewe, usije ukafikiri nakurushia mawe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na maombi ya siku 21 hapa Kitale. Mimi ndiye niliyesimamia. Kila usiku niko madhabahuni, kila asubuhi napokea simu za watu wenye shida. Mama yangu alikuwa nyumbani, upande wa Kimilili. Alinipigia mara mbili kuniambia dawa yake ya presha imeisha. Nikamjibu, "Mama, niko kwenye kazi ya Mungu. Tukimaliza nitakuja."

Siku ya 17 jirani akapiga. Mama ameanguka jikoni, mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki.

Wewe unayeijua barabara hiyo unajua Kitale na Kimilili si mbali. Unapanda matatu, unapita Kiminini, ukifika Kamukuywa unakata kuingia Kimilili. Nauli yake ilikuwa chini ya sadaka niliyotoa Jumapili ile. Mungu alimhurumia mama, akapona, lakini ule mkono haukurudi kama zamani. Kila nikimwona anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, nakumbuka jibu langu: niko kwenye kazi ya Mungu.

Fungua Marko 7, mstari wa 9 hadi wa 13. Yesu anawakemea watu wa dini. Kosa lao lilikuwa nini? Mtu alikuwa na mali ambayo ingemsaidia baba au mama yake, akasema mali hiyo ni Korbani, yaani imetengwa kwa ajili ya Mungu. Basi mzazi akakosa, na mtoto akaonekana mtakatifu. Yesu akasema kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu.

Mpendwa, Korbani bado iko. Iko Kitale, iko Bungoma, iko kanisani kwangu.

Korbani ya kwanza ni ya pesa. Unapanda mbegu ya 5,000 ili upate mafanikio, na mama yako kule Chwele anakunywa chai ya rangi bila sukari, tena si kwa amri ya daktari. Sisemi usitoe. Ninaamini katika kutoa na kanisa letu linajengwa kwa sadaka zenu. Lakini kama pesa uliyoshika ni ya dawa ya mzazi wako, usiilete kwangu. Peleka nyumbani. Paulo anamwambia Timotheo, 1 Timotheo 5:4, kwamba watoto na wajukuu waanze kuonyesha utauwa wao nyumbani, kwa kuwarudishia wazazi wao mema. Mstari wa 8 ni mkali zaidi: asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini.

Korbani ya pili ni ya maombi. Mzee anaanza kusahau. Anatoka usiku, anapotea njia ya shamba lake mwenyewe, anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Tunasema ni mapepo. Wengine wananong'ona kwamba ni uchawi wake unamrudia. Nisikie vizuri: mimi natoa pepo, na nimeona Mungu akifungua watu. Lakini kusahau kwa uzee kunaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, au upungufu wa maji mwilini. Mwombee ukiwa njiani kumpeleka hospitali. Kumfungia chumbani na kumkemea siku tatu si imani, ni kumtesa.

Korbani ya tatu ni ya mazishi. Mzee akifa, ndani ya siku mbili kikundi cha WhatsApp kimejaa, kamati imeundwa, ng'ombe amepatikana, hema zimekodishwa, na picha yake iko kwenye fulana za wajukuu. Kumbe uwezo ulikuwepo! Alipokuwa anahitaji godoro na miwani, kamati ilikuwa wapi?

Basi tufanye nini? Angalia Yohana 19:26-27. Yesu yuko msalabani, anaokoa ulimwengu wote. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema yuko kwenye kazi ya Mungu, ni yeye. Lakini alimtazama mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi mmoja. Hakusema watu watamwangalia. Alichagua mtu, na tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua kwake.

Kwa hivyo, undeni kamati mzee akiwa hai. Kaeni ndugu wote, wa Nairobi waingie kwa simu. Amueni nani anashika dawa, nani anampeleka kliniki, nani anatuma shilingi ngapi na tarehe gani. Na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini, maana yeye si mzigo wa kugawana.

Mkumbukeni mke wa ndugu yenu aliyebaki nyumbani. Yeye ndiye anayemwogesha mama na kufua shuka. Ninyi mnafika Desemba na mkate, mnauliza mbona mama amekonda. Mpeni shukrani, mpeni pesa mkononi, na mpeni siku za kupumzika.

Msajilini mzazi katika SHA. Wengi wanadhani mzazi anaingia chini ya jina lao. Haingii. Mchango wako unabeba mwenzi wako na watoto wako. Mzazi husajiliwa peke yake. Usingoje mpaka awe kitandani. Na kama ametimiza miaka 70, ulizeni kwa chifu kuhusu Inua Jamii, ile 2,000 ya kila mwezi. Ikitoka, ni yake. Mjukuu asiende nayo kwenye boda boda.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Ikiwa hata katiba imeliona hilo, sisi tuliojazwa Roho tutajibu nini?

Na kuna wazee wasio na mtoto wa kupigia simu. Hao 1 Timotheo 5:16 inawaweka mikononi mwa kanisa. Wachungaji wenzangu, kabla hatujanunua spika nyingine, tuwajue kwa majina.

Najua wako wanaosoma hapa ambao baba aliwatelekeza au mama aliwaumiza. Sikuambii ujifanye hukuumia. Anza na kidogo unachoweza, hata kwa mkono wa ndugu yako, na umwache Mungu ashughulike na moyo wako taratibu.

Baba katika jina la Yesu, tusamehe tulipotumia jina lako kuwakimbia wazazi wetu. Turudishe nyumbani kabla ya kiti chao kubaki kitupu.

Mpendwa, kabla hujaandika Amina hapo chini, piga simu nyumbani kwanza. Uliza dawa imebaki ya siku ngapi.