Mkimbizi Asiyekimbia: Milango Myeusi ya Mohsin Hamid

Lawama moja iliyo rahisi kuitupia Exit West, riwaya ya Mohsin Hamid iliyochapishwa mwaka wa 2017, ni kwamba imewapokonya wakimbizi wake njia. Saeed na Nadia, vijana wanaoutoroka mji wao ulioingiwa na vita, hawapandi mashua ya mpira wala hawavuki jangwa. Humlipa dalali, naye huwapeleka kwenye mlango. Ni mlango wa kawaida wa jengo, ila umegeuka mweusi tititi. Anayeuingia hutokea nchi nyingine. Mwaka wa 2016 pekee, zaidi ya watu 5,000 walikufa au kutoweka katika Bahari ya Mediterania. Kuiruka bahari hiyo kwa mlango wa ajabu kwaweza kuonekana kuwa ni kuwadharau waliozama ndani yake.

Lawama hiyo haisimami, na sababu yake huonekana vyema zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza ambacho riwaya iliandikwa kwacho. Neno la Kiingereza la mtu huyu limejengwa juu ya hifadhi anayoitafuta. Kiswahili humwita mkimbizi, nomino iliyotokana na kitenzi kimbia. Neno humshika mtu akiwa mbioni na kumgandisha papo hapo. Halisemi alikuwa nani kabla ya kukimbia wala atakuwa nani akishafika. Mhamiaji ana anakohamia, mgeni ana mwenyeji; mkimbizi ana mbio tu. Hamid ameziondoa mbio hizo, na linalostahili kuhakikiwa ni kile kilichobaki.

Kilichobaki ni watu. Saeed ameajiriwa katika kampuni ya matangazo ya biashara, Nadia katika kampuni ya bima, na wanakutana katika darasa la jioni. Nadia huvaa joho jeusi la kumfunika hadi miguuni ilhali haswali. Joho ni ngao yake dhidi ya wanaume, na hulivaa hata akiendesha pikipiki. Vita vinayaingia maisha haya kidogo kidogo. Simu na intaneti zinakatwa. Dirisha, lililokuwa la kuletea mwanga, linakuwa njia ya kifo. Mama yake Saeed anauawa kwa risasi iliyopotea, ndani ya gari, alipokuwa akitafuta hereni aliyodhani imemdondoka. Baba anakataa kuondoka; anabaki karibu na kaburi la mkewe, na kuagana kwake na mwanawe kuna uchungu kuliko kifo chochote kitabuni. Nafasi ambayo riwaya nyingine ingeipa bahari, Hamid ameitumia kupima gharama ya kuondoka. Mlango unavukwa kwa sentensi chache; yaliyoachwa nyuma yake yamekula sehemu kubwa ya kitabu.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake mahususi ya kulifikiria jambo hili. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka wa 1991, na Kakuma mwaka wa 1992. Mtoto aliyezaliwa huko miaka hiyo ni mtu mzima leo, pengine mzazi. Hakukimbia kutoka popote, lakini huitwa mkimbizi, na mwanawe pia. Februari 2017, majuma machache kabla ya kitabu cha Hamid kutoka, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba agizo la serikali la kuifunga Dadaab lilikwenda kinyume cha Katiba. Waliojadiliwa siku hiyo walikuwa watu waliokwisha kukaa. Na hapa ndipo riwaya inapopwaya: milango yake ni mingi mno. Kutoka mji wa nyumbani hadi Mykonos, kutoka Mykonos hadi London, kutoka London hadi Marin kule California, daima upo mlango mwingine. Kusubiri kwa miaka 30 hakumo.

Sehemu ya London ndiyo nzito zaidi kimawazo. Wageni wanatokea ndani ya majumba ya matajiri yasiyokaliwa, wenyeji wanawashambulia, umeme unakatwa, askari wanajipanga. Kisha, bila maelezo ya kutosha, wenye nguvu wanarudi nyuma. Mhakiki ana haki ya kuuliza ni nini hasa kilichozuia umwagaji damu. Huruma ya msimulizi si jibu. Hata hivyo, kinachofuata kina thamani kubwa: wageni wanapewa kazi ya kujenga mji mpya pembezoni mwa London, na malipo yao ni kipande kidogo cha ardhi cha kujengea makazi, chenye bomba. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, imezoeleka kutajwa kwa kumsuta mgeni mvivu. Yaweza pia kusomwa kama haki yake, kwa kuwa anayepewa jembe sharti awe na pa kulimia. Kwa miaka mingi mkimbizi wa kambini nchini Kenya hakuruhusiwa kutoka bila kibali, kwa hiyo jembe lenyewe hakulifikia.

Mwanafunzi wa Kiswahili haingii katika mjadala huu mikono mitupu. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake likitenganishwa husomeka "wale ni sisi". Huko pia safari ni ya ajabu, na huko pia fantasia haiikwepi siasa. (Inasikitisha kwamba mijadala mingi darasani huishia pale uhalisiajabu unapotambuliwa na kupewa jina lake.) Ila Walenisi ni nchi iliyokwisha kukamilika, na kazi ya Dzombo ni kujifunza namna ya kuishi humo. Nchi mpya ya Hamid haipo mpaka waliofika waijenge, bega kwa bega na wenyeji wasiowataka. Kwa wanaoandika juu ya vita na makimbilio, huu wa Hamid ndio mfano wenye manufaa zaidi, hata kama Mkangi anamshinda kwa ukali wa kisiasa.

Kuna kisa kifupi, pembeni mwa hadithi kuu, cha bibi kizee wa Palo Alto aliyeishi katika nyumba ileile maisha yake yote. Mtaa umebadilika hadi anahisi ugeni mlangoni pake mwenyewe. Hakupita katika mlango wowote mweusi. Kisa hicho kinalitimiza jina la nchi ya Mkangi bila kurusha chombo chochote angani.

Saeed na Nadia, waliokwisha kuachana, wanakutana tena baada ya nusu karne katika mji waliozaliwa na kuzungumzia nyota za jangwa la Chile. Mfasiri wa Kiswahili akifika katika ukurasa huo, itambidi aamue awaite nani.