Deni lisifanye Historia kuwa somo la matajiri

Kila wanafunzi wa Kidato cha Nne wanapochagua kozi za chuo kikuu, walimu wa Historia na Serikali hufikiwa na swali wasilopenda kulijibu. Mtoto amelipenda somo, amelipita vizuri, naye ataka kulisomea shahada. Mzazi kwa upande wake auliza: "Mwalimu, hiyo historia itamlisha?" Wengi wetu hukwepa kwa kusema kwamba elimu haimtupi mtu. Hilo si jibu. Mzazi ameuliza habari za pesa, na yafaa ajibiwe kwa hesabu.

Katika utaratibu uliotumika kabla ya mwaka wa 2023, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilikuwa ikimkopesha mwanafunzi kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Aliyepewa kiwango cha juu alimaliza miaka minne akidaiwa Sh240,000. Riba ya asilimia 4 kwa deni hilo ni Sh9,600 kwa mwaka, na sijui benki itakayomkopesha mtoto wa mkulima kwa bei hiyo. Utaratibu ulioletwa mwaka wa 2023, uliopima karo kwa gharama halisi ya kozi, uliwaongezea wengi mzigo huo.

Kwa mwenye kazi, deni la kiasi hicho lalipika. Akikatwa Sh3,000 kila mwezi atamaliza mtaji, ukiacha riba, kwa miezi 80. Lakini je, mwenye shahada ya historia aipata kazi lini? Aliyesomea ualimu, akachanganya Historia na Kiswahili, Dini au Jiografia, hungoja kuitwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na wapo waliongoja zaidi ya miaka mitano. Walimu wanagenzi waliopelekwa sekondari msingi mwaka wa 2023 waliahidiwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Ukimtoa huyo Sh3,000 za deni, nauli na kodi ya nyumba atazitoa wapi? Naye aliyesomea shahada ya sanaa katika historia hana hata mlango huo mpaka arudi darasani kuchukua stashahada ya uzamili ya ualimu, kwa karo nyingine. Laiti wanafunzi wangeelezwa jambo hili kabla ya kujaza fomu! Wengi hulijua wakiwa tayari wamevaa joho.

Isitoshe, katika mtaala mpya serikali imekusudia asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wafuate sayansi na teknolojia, na asilimia 25 tu sayansi za jamii, ambamo Historia imo. Mwenye kuamua leo kuwa mwalimu wa somo hili na alitie hilo katika mizani.

Hata hivyo, uzito wa deni hauko katika mtaji wala katika riba. Uko katika faini. Kwa miaka mingi aliyechelewa kulipa ametozwa Sh5,000 kila mwezi, yaani Sh60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara sita ya ile riba. Kwa miaka minne ya kungoja kazi, faini hufika Sh240,000, sawasawa na mkopo wote aliopewa. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kanuni ya kuzuia deni lisivimbe kupita mtaji wake inaihusu bodi hiyo pia. Uamuzi huo ni wa haki, lakini hata ukifuatwa kikamilifu, aliyekopa Sh240,000 aweza bado kudaiwa maradufu, na kosa lake ni kukosa mshahara.

Nasikia watu wakisema kwamba dawa ni vijana waiache historia. Kwa mtoto wa tajiri shauri hilo halina maana, kwani baba yake atamlipia karo naye atasoma apendacho. Litakayemfukuza ni mtoto wa maskini, na hapo ndipo nchi itakapopata hasara.

Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki mwezi Januari 2025, aliandika historia ya Wajaluo wa kusini, kitabu kilichotoka mwaka wa 1967, kwa kutegemea masimulizi ya wazee ambao lugha yao ilikuwa lugha yake. Kazi kama hiyo yahitaji mtu aliyekulia karibu na wasimulizi. Tena tukumbuke mwaka wa 2013, Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau pauni milioni 19.9. Wazee walikuwa mashahidi wa miili yao wenyewe, lakini mahakamani London zilihitajika pia nyaraka na watu wa kuzifasiri. Wanahistoria watatu waliotoa ushahidi wa kitaalamu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walitoka vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani. Twawashukuru kwa dhati. Lakini kwa nini katika kesi ya wazee wetu, juu ya ardhi yetu, wataalamu wote watatu walikuwa wa kuazima?

Kwa hiyo mzazi yule nitamjibu hivi. Mwanao akitaka historia, na aichukue pamoja na ualimu na somo la pili lenye upungufu wa walimu. Na kabla ya kutia sahihi, aulize jumla ya deni la miaka yote minne, si la muhula mmoja.

Kwa bodi nina neno jingine. Australia ilianza mwaka wa 1989 kuwadai wahitimu kupitia kodi, baada tu ya mapato yao kufikia kiwango kilichowekwa. Asiyefikia kiwango hicho hasumbuliwi. Kwetu pia faini yafaa isimame kwa kila mhitimu asiye na mshahara, na makato ya mwalimu mwanagenzi yafuate kipato chake. Wahitimu wana nambari za KRA. Bodi ikitaka kujua ni nani anayekwepa na ni nani asiye na kitu, na iulizie huko kabla ya kuandika barua ya faini.