Mashua na Mitambo: Cheche Inapopotea Majini

Dereva wa lori akizimikiwa na injini hulisukuma gari kando ya njia, akatia mawe nyuma ya magurudumu, kisha akaanza kutafuta kosa. Mvuvi aliye katikati ya Ziwa Victoria hana kando ya njia. Usiku upepo wa nchi kavu humsukuma mbali na ufuo, na mawimbi hayamngojei atafute spana. Kwa hiyo kosa la umeme katika injini ya mtumbwi si jambo la kukisia. Lina utaratibu wake, na mwenye kuufuata huona kwamba mara nyingi ugonjwa ni mdogo kuliko alivyoogopa.

Wenye mitumbwi wengi hawaipandi wenyewe. Ni makarani, walimu au wakulima walioweka akiba yao katika injini moja na nyavu kadhaa, wakawaajiri wavuvi. Habari huwafikia wakiwa mbali na Usenge au Mbita: injini imekataa kuwaka, fundi asema sidiai imekufa, na fedha zatakiwa leo. Sidiai ni kile kisanduku kidogo cheusi kinachotawala cheche. Bei yake ni kubwa, nacho hakifunguki, wala hakuna awezaye kukitazama ndani. Ndiyo maana hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Si kwamba kila fundi akilaumuye ni mwizi. Wengi wana haraka tu, na kubadili kitu ni kwepesi kuliko kukipima.

Katika injini nyingi za petroli za kuvutwa kwa kamba, cheche haitokani na betri. Ndani ya ukingo wa gurudumu zito lililo juu ya injini mna sumaku. Gurudumu likizunguka, sumaku hupita mbele ya koili na umeme huzaliwa. Umeme huo huingia katika sidiai na kuwekwa humo kwa kitambo kidogo sana, mpaka koili nyingine ndogo itoe ishara. Hapo sidiai huuachilia wote kwa mara moja, ukaingia katika koili ya cheche, ambayo huupandisha kupita volti 10,000. Kwa nguvu hiyo waweza kuruka pengo la plagi.

Kabla ya kufungua kitu chochote, na aulizwe aliyekuwa akiendesha: je, injini ilizimika namna gani? Ikiwa ilikohoa, ikapungua nguvu, kisha ikafufuka kidogo mpira wa petroli ulipokamuliwa, yaelekea kosa liko katika petroli wala si umeme. Injini iliyokatika ghafla, kama mtu aliyefumba mdomo katikati ya neno, ndiyo ya kutafutiwa cheche.

Jambo la kwanza ni kamba ya usalama, ile inayofungwa mkononi mwa nahodha. Kipande chake cha plastiki kikichomoka katika swichi, injini haiwaki hata ivutwe kutwa nzima. Yaonekana ni jambo la kitoto, lakini wako watu waliofungua injini yote kwa sababu yake.

La pili ni waya wa kuzimia, na hapa mafundi wengi hupotea. Katika injini za namna hii, swichi ya kuzimia haikati umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Hufanya kinyume: huunganisha waya mmoja na chuma cha injini, umeme ukapotelea humo badala ya kufika kwenye plagi. Basi waya huo ukichubuka na kugusa chuma, au maji ya chumvi yakiingia katika swichi, injini huwa kama iliyozimwa daima, na kumbe sidiai ni nzima kabisa. Kujaribu si kazi ngumu. Waya huo hutenganishwa na sidiai mahali unapoungana nayo, kisha cheche hutazamwa. Ikirudi, kosa liko katika swichi au katika waya wake, na bei ya matengenezo ni ndogo. Walakini injini iliyotenganishwa hivyo haizimiki tena kwa swichi wala kwa kamba ya usalama. Huzimwa kwa kuvuta choki au kwa kuchomoa mpira wa petroli. Hayo ni ya kujaribia ufuoni tu. Anayesafiri hivyo akianguka majini, chombo kitamwacha, au kitazunguka na kumrudia, rafadha ikiwa mbele yake.

Cheche yenyewe hutazamwa hivi. Plagi hutolewa, ikarudishwa katika kofia yake, na chuma chake kikabanwa juu ya chuma cha injini kisicho na rangi, mbali na tundu ilimotoka, kwa kuwa mvuke wa petroli hutoka humo na waweza kushika moto. Koleo la kushikia liwe na mpira. Kamba ikivutwa kwa nguvu, cheche njema huwa ya buluu na husikika ikipiga; iliyo nyembamba na ya manjano ni dhaifu. Plagi zote ziguse chuma wakati huo. Kuvuta kamba huku waya wa plagi ukining'inia hewani kwaweza kuunguza sidiai iliyokuwa nzima, na hapo fundi atakuwa amesema kweli baada ya kuitengeneza kweli hiyo mwenyewe.

Injini ya silinda mbili ikitetemeka na kukosa nguvu, plagi zibadilishane mahali. Kosa likihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, na afuatwe waya wake na koili yake. Plagi iliyolowa mafuta meusi yaonyesha kwamba oili ilitiwa kwa kukisia bila kipimo cha kitabu cha injini. Plagi mpya haitadumu ikiwa desturi hiyo haikuachwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaowasumbua watu kwa majuma mengi: injini huwaka vizuri asubuhi, hukata baada ya nusu saa, ikapoa, ikawaka tena kama kwamba haikuwa na neno. Mara nyingi ni koili inayoshindwa ikipata moto. Kuipima ikiwa baridi hakufai kitu. Cheche itazamwe palepale injini inapokata, kabla haijapoa.

Pwani, kwa watu wa Lamu na Kilifi, adui mkubwa ni chumvi. Shaba hugeuka unga wa kijani chini ya mpira wa waya, mahali pasipoonekana, na waya ulio mzuri kwa nje huwa umeoza ndani. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe hunyonya maji na kuyaweka. Yafaa kikatwe mpaka shaba nyekundu ionekane, kibanwe kwa kifungo chake, kisha kipakwe grisi. Waya unaounganisha umeme na chuma cha injini usisahauliwe: chini yake pasafishwe kwa msasa. Nao wanaofunika injini kwa mfuko wa nailoni na kuufunga kabisa hulifungia jasho lake humo ndani.

Injini kubwa zenye starta zahitaji betri, na injini za dizeli, ingawa hazina cheche, huitumia pia kwa kuwashia. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Ikiwa imejaa, na hata hivyo starta yazunguka kwa uvivu, vipimo vichukuliwe starta inapozunguka: mguu mmoja wa mita katika kichwa cha betri, wa pili katika mwisho wa waya uleule kwenye starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani, na betri mpya haitaponya. Waya wa betri usitolewe kamwe injini ikiwaka.

Sidiai huja mwisho, koili zote zikiisha kupimwa omu zake na kulinganishwa na kitabu. Njia iliyo bora ni kuazima nyingine nzima kutoka injini ya namna ileile na kuitia kwa robo saa. Mwenye mtumbwi aliye mbali, kabla ya kutuma fedha, na aombe atumiwe hesabu hizo za omu, na habari ya waya wa kuzimia: je, ulitenganishwa? Akijibiwa kwamba ufuoni hakuna mita, fundi wa redio na simu sokoni anayo.