Matibabu ya dereva mlevi: Nani alipe?

Msimu wa machungwa uliopita hapa Maramba, jirani yetu mmoja aliuza mzigo wake kwa mnunuzi kutoka Mombasa. Walipatana nusu ya fedha ilipwe shambani, na nusu ilipwe mzigo ukifika soko la Kongowea. Fuso ilipakiwa tangu asubuhi, ikaondoka jioni.

Kabla ya kufika mpaka wa Horohoro askari wa usalama barabarani waliisimamisha. Dereva akapewa kifaa cha kupima ulevi, akapuliza, akakutwa amekunywa. Yeye akalala mahabusu, na gari likabaki kituoni siku mbili kwenye jua. Nusu ya pili ya fedha jirani yangu hajaiona hadi leo.

Tajiri wa gari alimfukuza dereva siku hiyohiyo. Wiki tatu baadaye nilimkuta kijana yuleyule akiwa kwenye usukani wa fuso nyingine, akisubiri ijae machungwa ya watu wengine. Alikuwa amepata deiwaka.

Ndugu msomaji, kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike. Kila ajali inapotokea tunasikia wito uleule: madereva wapimwe pombe, mirungi na bangi. Mimi naunga mkono. Lakini kupima ni hatua ya kwanza tu. Swali ambalo halijibiwi ni hili: akishakutwa, nani atalipia matibabu yake ili asirudi barabarani akiwa vilevile?

Wengi watajibu haraka kwamba alipe mwenyewe, kwani nani alimtuma kunywa? Jibu hilo linaridhisha moyo, lakini kiuchumi halifanyi kazi. Tuna ushahidi hapahapa nchini. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma na abiria wakakwama katika vituo, kikiwamo cha Ubungo. Moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, kwa gharama zao wenyewe. Serikali ikarudi nyuma. Nia ya agizo ilikuwa njema, kwani dereva aliyefunzwa ni faida kwa wote. Lakini bili alikabidhiwa mtu ambaye wengi wa aina yake hawakuwa hata na mkataba wa kazi.

Marekani walikutana na swali hili mapema. Agosti 1991 treni ya chini ya ardhi iliacha reli jijini New York, watu 5 wakafariki, na dereva wake alikuwa amekunywa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafirishaji. Dereva anayekutwa na kosa haruhusiwi kushika usukani hadi aonane na mtaalamu, amalize mafunzo au matibabu aliyopangiwa, kisha apimwe tena. Hata hivyo kanuni zao hazimlazimishi mwajiri kulipia matibabu hayo. Mwajiri na mfanyakazi wameachiwa wapatane. Penye chama imara na bima nzuri, mapatano yanawezekana. Dereva asiye na vyote viwili huachiwa mzigo peke yake.

Sasa mtazame dereva wetu wa fuso. Hana bima wala chama. Analipwa kwa safari, na asipoendesha hali. Mwambie akae miezi kadhaa kwenye nyumba ya kupata nafuu, nyingi zikiwa za binafsi na za kulipia, atakimbilia deiwaka kama yule kijana. Hata huduma ya bure ina bei yake. Hospitali ya Bombo mjini Tanga kuna kliniki ya methadoni kwa waathirika wa heroini, na dawa haiuzwi. Lakini mgonjwa, hasa mwanzoni, hutakiwa kufika kila siku. Mtu wa Maramba apige hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, aongeze siku za kazi zinazopotea. Tena methadoni haimsaidii mnywaji wala mla mirungi.

Na hapo kwenye mirungi, wakulima na wafanyabiashara tujitazame wenyewe. Kwetu mirungi ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku. Ukivuka Horohoro, upande wa Kenya ni zao halali la biashara. Dereva anakutana nayo akiwa kazini. Anaitafuna ili asilale, na halali kwa sababu sisi tunataka mzigo ufike sokoni alfajiri, bei ikiwa bado nzuri. Tajiri naye anataka gari ligeuze usiku huohuo. Wote tunafaidika na usingizi ambao dereva haupati. Je, ni haki gharama za madhara yake ziwe za dereva peke yake?

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 likishauri matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kama matatizo ya afya. Hiyo haina maana kwamba dereva mlevi aachwe aendelee kuendesha. La hasha, ashushwe garini mara moja. Maana yake ni kwamba akishashushwa, awe na njia ya kurudi akiwa mzima.

Kwa mtazamo wangu gharama zigawanywe hivi.

Kwanza, kupima kulipiwe na mwenye gari, kama anavyolipia tairi na breki. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inasajili madereva na kutoa leseni za magari ya biashara. Matokeo ya vipimo yaingizwe kwenye kumbukumbu hizo, ili anayefukuzwa Maramba asiajiriwe Muheza kabla ya kutibiwa.

Pili, matibabu ya mara ya kwanza yalipiwe na mfuko unaotokana na faini za barabarani. Tuseme, kwa mfano tu, kumtibu dereva mmoja kunagharimu Sh600,000. Faini ya kosa moja ikiwa Sh30,000, faini 20 zinatosha. Fedha hizo tayari zinatoka mifukoni mwa wenye magari na madereva. Sehemu yake iwarudie kama tiba. Vilevile, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga mafao yake waweke wazi kwamba tiba ya uraibu imo.

Tatu, dereva atakayerudia alipe mwenyewe, kwa awamu, na usukani ausahau mpaka amalize.

Najua mkulima mwenzangu atauliza: kwa nini fedha za umma zimtibu mlevi wakati mimi sina hata dawa ya kupulizia michungwa? Nakuelewa, lakini piga hesabu. Tuseme mzigo wa fuso moja ni Sh3 milioni. Kwa mfano wangu wa juu, mzigo mmoja uliooza kituoni ungewatibu madereva watano. Fedha hizo zililiwa na jua, na hakuna hata dereva mmoja aliyepona. Kwa hiyo tunalipa tayari, ila tunalipia hasara.

Wakati tukisubiri wakubwa waamue, lipo tunaloweza kufanya wenyewe. Wewe unayeuza machungwa, nazi au viungo, usipakie mzigo kabla hujamwona dereva na kuzungumza naye. Ukiona macho mekundu, uliza amelala lini. Safari ikiwa ndefu, patana na tajiri wawepo madereva wawili, hata kama nauli itapanda kidogo.

Jirani yangu sasa anafanya hivyo. Kwa bahati mbaya, alijifunza kwa nusu ya mavuno yake.