Niliyoyaona Leuven, na Kurasa Zetu za Kiswahili

Tangu nirudi kutoka Leuven, katika nchi ya Ubelgiji, nilikokwenda kusoma muhula mmoja, wenzangu huniuliza mambo mawili tu: baridi na chakula. Nitayajibu upesi. Baridi ipo, na mwisho wa Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Chakula ni viazi, na kesho viazi. Bukari sikuuona hata siku moja. Basi, hayo yamekwisha.

Leuven ni mji wa watu kama 100,000, nao huishi kwa wanafunzi kama Lubumbashi yetu inavyoishi kwa shaba. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425. Vesalius, yule tabibu aliyeandika juu ya viungo vya mwili, alisoma pale, na Mercator pia, ambaye ramani zake tunazitaja kila siku katika jiografia. Watu hupanda baiskeli, hata walimu wakubwa wenye mvi, wala hakuna awachekaye. Ijumaa jioni utasikia ngurumo juu ya mawe ya barabara: ni wanafunzi wanakokota masanduku yenye magurudumu kwenda stesheni, kila mmoja anarudi kwa mama yake na nguo za kufua. Jumba la mji lilijengwa katika karne ya 15, nalo lina sanamu 236 ukutani. Lakini mashubaka ya sanamu hizo yalikaa matupu karibu miaka 400, mpaka watu wa karne ya 19 walipoyajaza. Huku kwetu jengo lisipokwisha katika miaka miwili twasema limeshindikana.

Lakini lililonishika moyo ni habari ya maktaba. Mwezi wa Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliichoma moto, vikaungua vitabu kama 300,000. Ikajengwa nyingine kwa msaada wa Wamarekani, ikafunguliwa mwaka 1928. Mei 1940 vita vikaja tena, nayo ikaungua. Wakaijenga tena. Na baada ya kuokoka mioto miwili ya adui, wenyewe wakaja kuigawanya kwa sababu ya lugha.

Zamani masomo ya juu katika Ubelgiji yalifundishwa kwa Kifaransa. Kiflemi, yaani Kiholanzi cha watu wa kaskazini, kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima na watumishi. Chuo Kikuu cha Gent ndicho kilichotangulia kufundisha kwa Kiholanzi, mwaka 1930. Pale Leuven lugha mbili zilikaa nyumba moja mpaka ugomvi ukazidi, hata mwezi wa Februari 1968 serikali nzima ikaanguka kwa ajili yake. Wenye Kifaransa wakahamia mji mpya wa Louvain-la-Neuve, ulioanza kujengwa mwaka 1971. Na vitabu je? Husimuliwa mpaka leo kwamba viligawanywa kwa namba: witiri upande huu, shufwa upande ule. Nilisimama mbele ya jengo lile nikashindwa kujua kama nicheke au nisikitike.

Bibi wa nyumba niliyokaa, niliyemwita Oma kama wajukuu wake, alinieleza mzizi wa mambo haya. Baba yake alipokuwa shuleni, mtoto aliyesikika akisema Kiflemi alipewa kibao, akae nacho mpaka amsikie mwenzake akisema Kiflemi, amkabidhi. Aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Nikamwambia, "Oma, hata mimi nimekivaa." Kwa hakika, katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesema Kiswahili uwanjani alitundikwa simboli shingoni, na desturi zake ni zile zile, hata ile ya kumvizia mwenzako. Na tukumbuke kwamba wengi wa mapadri waliokuja Kongo walikuwa Waflemi, na shule zao za juu zilifundisha kwa Kifaransa. Oma alinyamaza kitambo, akanimiminia kahawa nyingine.

Sasa nimerudi, na nakuta baadhi ya wenzangu katika kamati ya gazeti wanataka kurasa za Kiswahili zipunguzwe. Wanasema Kiswahili hakimpi mtu kazi, na tena Kiswahili chetu cha Katanga si safi, watu wa pwani watatucheka. Mimi sikubali. Waholanzi nao, naambiwa, hucheka namna Waflemi wanavyosema, lakini jambo hilo halikuwazuia Waflemi kufundisha uganga na uhandisi kwa lugha yao. Wala sitaki tukifukuze Kifaransa. Thomas Kanza alimaliza masomo yake Leuven mwaka 1956, na bila Kifaransa asingalifika. Kugawana vitabu kwa witiri na shufwa ni hasara ambayo hatuna haja ya kuinunua.

Lakini nawaambia wenzangu wa kamati kwamba kwa jambo moja wana haki. Kurasa zetu ni dhaifu. Tazameni matoleo yaliyopita: vitendawili, vichekesho, na matokeo ya mpira. Habari za fizikia, za afya, za sheria, zote twaziandika kwa Kifaransa, kisha twashangaa kwamba Kiswahili kinaonekana lugha ya mchezo. Katiba yetu inakihesabu kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mama zetu sokoni hupiga hesabu ngumu kwa lugha hiyo kila asubuhi. Kwa nini sisi tuiogope?

Basi naomba kurasa zibaki kama zilivyo, ila nusu yake iwe ya elimu. Ninyi ndugu zetu mliotutangulia, mlio wahandisi Likasi na Kolwezi, na mlio waganga, tuleteeni hata nusu ukurasa juu ya kazi yenu, kwa Kiswahili kile kile mnachowasemesha wafanyakazi wenu. Mimi nimekwisha anza makala juu ya namna shaba inavyosafishwa kwa nguvu ya umeme. Nimefika ukurasa wa pili, na natafuta neno zuri la ule uchafu unaobaki chini ya tangi. Mwenye nalo aniletee bwenini kabla ya Jumamosi.