Ziba mlango, lakini jiko la mkaa libaki nje

Kuanzia Juni hadi Agosti, mzazi wa Njombe, Makete au Mbeya hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Kwenye nyumba za zamani, njia yake kubwa ni mlango wa nje: mbao zimepinda, bawaba zimelegea, na chini pamebaki uwazi wa vidole viwili. Anayeupokea upepo huo kwanza ni mtoto anayetambaa au kulala sakafuni, na mwili wa mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Kazi hii haihitaji mlango mpya.

Usiku, zima taa za ndani, mwenzako amulike mlango kwa tochi ya simu akiwa nje. Panapopenya mwanga, ndipo upepo unapopita.

Anza na bawaba. Kaza skrubu zote. Tundu likiwa limepanuka, chomeka njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, acha ikauke, kisha rudisha skrubu.

Pembeni na juu, futa vumbi kwenye fremu, halafu bandika utepe wa sponji wenye gundi pale mlango unapoegemea. Chagua mwembamba, mlango usihitaji kusukumwa kwa bega ndipo ufungike.

Chini, pigilia ukanda wa mpira uguse sakafu kidogo. Hata tyubu kuukuu ya tairi inafaa. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki misumari, shona mfuko mrefu wa khanga kuukuu, ujaze mchanga mkavu, uulaze mlangoni usiku.

Sasa jambo ambalo mzazi asilipuuze. Nyumba nyingi za baridi huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Jiko hilo halikuwa salama hata mlango ulipokuwa unavuja. Ukishauziba, gesi hujaa haraka zaidi. Makaa yanayoonekana kufifia nayo bado huitoa.

Kwa hiyo jiko lisiingie chumbani kabisa. Mkisikia kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, hasa watu kadhaa kwa pamoja, tokeni wote nje mara moja, kisha mwende hospitali.

Usizibe pia matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, na asubuhi jua likitoka fungua madirisha. Hewa inayozunguka hupunguza unyevu, na pia uwezekano wa mafua na kifua kikuu kuenea ndani ya nyumba.

Joto la usiku litoke kwenye nguo: mvalishe mtoto fulana, sweta na soksi, na godoro lake liinuliwe kutoka sakafuni.