Swichi Haijui Kiingereza

Miongoni mwa hoja zinazotolewa dhidi ya kufundisha sayansi kwa Kiswahili, hakuna inayorudiwa kama ile isemayo kwamba mitambo ya kisasa imeundwa kwa Kiingereza, na kwa hivyo haina budi kufundishwa kwa Kiingereza. Hoja hii husemwa hata na walimu ninaowastahi. Nakusudia kuonyesha kwamba ni hoja batili, na shahidi wangu ni kifaa kidogo kiwezacho kufichwa nyuma ya swichi ya ukutani: rilei.

Rilei ni swichi inayosukumwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya. Umeme hafifu wa volti 5 hivi ukipita katika koili hiyo, koili hugeuka sumaku, ikavuta kijikono cha chuma, na kijikono hicho kikaunganisha njia ya umeme mkubwa wa volti 240 unaowasha taa au pampu ya maji. Ujuzi huu si mgeni. Ulitumika katika simu za maandishi za karne ya 19. Jambo jipya ni kwamba siku hizi rilei hufungwa pamoja na chipu ya bei nafuu, kama vile ESP8266, iwezayo kupokea ujumbe kupitia mtandao wa nyumbani usio na waya.

Ujumbe huo hutumwa na programu. Mojawapo ya programu mashuhuri za kuendeshea nyumba ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka wa 2013. Haiuzwi, na yeyote aweza kuisoma jinsi ilivyoandikwa. Ili izungumze na rilei, yaweza kutumia utaratibu uitwao MQTT, uliobuniwa mwaka wa 1999 kwa ajili ya kuchunguza mabomba ya mafuta kutoka mbali. Katika utaratibu huu, programu ya katikati hufanya kazi ya tarishi: hupokea barua yenye anwani, na kuifikisha kwa kila kifaa kilichoomba kupelekewa barua za anwani hiyo.

Sasa msomaji na azingatie. Anwani hiyo huchaguliwa na mwenye nyumba. Aweza kuiita "nyumba/sebule/taa". Na mwanafunzi akijiandikia programu ya chipu yake, aweza pia kuamua kwamba neno la amri ni "washa" na jingine ni "zima", kisha akaiarifu Home Assistant itumie maneno hayo hayo. Rilei itatii bila kunung'unika. Haikujua Kiingereza hapo awali, wala haijajifunza Kiswahili sasa. Imefuata makubaliano tu.

Sisi wanaisimu tulifundishwa jambo hili na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916: uhusiano baina ya neno na kirejelewa chake ni wa nasibu, na hudumu kwa maafikiano ya watumiaji. Sijaona mfano wa kulieleza somo hilo ulio bora kuliko taa inayowaka kwa neno lililochaguliwa na mtoto wa kidato cha pili.

Nitaambiwa kwamba lugha za kuandikia programu, kama Python, zina maneno ya Kiingereza. Ni kweli. Lakini maneno teule ya Python ni 35 tu katika matoleo yake ya karibuni. Mwanamuziki hujifunza istilahi za Kiitaliano zisizopungua hizo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba muziki wote ufundishwe kwa Kiitaliano.

Suala hili si la fahari ya lugha pekee. Swichi nyingi za aina hii huuzwa zikiwa zimefungamanishwa na seva za kampuni zilizo ng'ambo, hata amri ya kuwasha taa ya jikoni ikalazimika kuvuka bahari na kurudi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mnamo Mei 2016, kifaa cha Revolv kilichouzwa kwa takriban dola 300 kiliacha kufanya kazi baada ya wenye kampuni kuifunga huduma yake. Aprili 2022, seva za Insteon zilizimwa bila wateja kuarifiwa. Baadhi yao walizifufua nyumba zao kwa kuviunganisha vifaa vyao na Home Assistant, ambayo hutoa amri kutoka tarakilishi iliyomo humo humo nyumbani. Waliookoka ni wale walioelewa.

Kuna na hatari kubwa kuliko kukosa taa. Rilei ya ampea 10 haifai birika la wati 3,000, kwani katika volti 240 birika hilo huvuta ampea 12.5. Hita ya bafuni ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 21, ikazidi hata rilei ya ampea 16. Aidha, katika nyumba zetu nyingi kisanduku cha swichi hakina waya wa nyutro, ambao rilei nyingi huuhitaji. Fundi asiyelielewa hilo aweza kubuni njia ya mkato itakayoleta maafa. Na umeme ukirejea baada ya kupotea, rilei yapaswa kuwa imepangwa ibaki imezimwa, isije ikawasha pasi iliyosahauliwa. Maonyo haya yote huja katika vijikaratasi vya Kiingereza na Kichina. Fundi wa mtaani asome nini?

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hadhi hiyo haina maana ikiwa lugha hiyo haiwezi kumwonya mtu asiunguze nyumba yake. Wala tusisingizie uhaba wa istilahi. Tunazo sumaku, waya, koili, nyutro, ampea na tarakilishi. Penye upungufu tukope, kama tulivyokopa "swichi" na "rilei".

Ninawasihi walimu wa fizikia na wa Kiswahili waingie maabara pamoja, wakiwa na taa ya volti 12 ili pasiwe na hatari kwa wanafunzi, rilei moja na tarakilishi moja. Wanafunzi waiunde swichi, waipe maneno yao, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu maelezo ambayo fundi ataweza kuyafuata. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wajibu wetu ni kuwafunza vijana kuunda, na kuwafunza kwa lugha ambayo mafundi na majirani wao wanaielewa.